Tabora hadi Karema na bibi: gari, gharama na magunia ya dagaa

Wengi mlioona picha nilizorusha mliniuliza Karema ni wapi na gari linapatikana wapi. Nimekusanya niliyoandika kwenye daftari na kwenye simu, risiti chache ambazo hazikupotea, na maneno ya bibi yangu ambayo hayana tarehe. Karema iko kando ya Ziwa Tanganyika, mkoa wa Katavi. Bibi alizaliwa huko, akaolewa Tabora, na tangu babu alipomchukua hakuwahi kurudi. Kwaresima iliyopita alitangaza kwamba anataka kwenda kumshukuru Dokta Atiman, tabibu wa zamani wa misheni ya Karema. Nikamwambia Dokta Atiman alifariki 1956. Akanijibu, "Ndiyo maana naenda mimi. Yeye hawezi kuja."

Mimi ni muuguzi, nilikuwa na likizo, na wajukuu wengine wote walikuwa na sababu nzuri za kutokwenda.

Jumatatu, Tabora hadi Mpanda

Basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nauli 27,000 kwa kila mmoja. Mzigo wa bibi ulikuwa katoni mbili za sabuni ya mche, sukari kilo kumi na doti kadhaa za kanga. Vyote vilikuwa vya kina mama waliojifungua, na alivinunua kwa fedha za kuku aliowauza mmoja mmoja tangu Pasaka. Kondakta alitaka 10,000 ya mzigo. Bibi akamuuliza ametoka tumbo la nani, maana la kwake lilizaa wenye haya. Tukalipa 5,000.

Barabara ya Sikonge hadi Mpanda sasa ni lami, kama kilomita 350 kutoka Tabora. Wanaokumbuka njia hii ilivyokuwa masika wanajua ni neema gani. Sikonge basi husimama kidogo, na asali inauzwa dirishani. Onjeni kabla ya kulipa, nyingine imechanganywa na sukari guru. Kuanzia Ipole ni msitu wa miombo mtupu, na mkikaribia mto Koga mbung'o wanaingia. Vaa nguo za rangi hafifu, kwa sababu bluu na nyeusi zinawaita. Mimi nilivaa jinzi.

Tairi lilipasuka baada ya Koga, na la akiba nalo halikuwa na upepo wa kutosha. Tukakaa kando ya barabara zaidi ya saa mbili. Nilihesabu dakika, nikapiga simu mahali ambapo hapakuwa na mtandao, nikamsema dereva moyoni. Bibi alitandika kanga chini ya mti, akavua viatu, akatoa rozari. Warina asali wawili walipita na baiskeli zenye madumu, wakasimama, wakaanza kumsaidia utingo kusukuma jeki ambayo ilikuwa inazama kwenye mchanga. Mmoja alikata gogo la kuiweka juu yake. Walipomaliza wakatugawia sega kwenye jani. Hawakuuza. Wakapanda baiskeli zao wakaenda, wala hatukuuliza majina.

Chakula Inyonga, wali nyama 4,000, wali mwingi. Mpanda tuliingia usiku. Gesti karibu na stendi 20,000, maji ya moto kwa ndoo ukiomba mapema.

Kwa wenye muda, ipo treni kutoka Tabora kupitia Kaliua. Reli hiyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, na inapita Katumba. Haiondoki kila siku, kwa hiyo ulizeni stesheni kwanza.

Jumanne, Mpanda

Gari la Karema lilikuwa limejaa saa moja asubuhi. La pili "linakuja" tangu saa tatu, likaendelea kuja mpaka saa nane, halafu tukaambiwa limeharibika. Hivyo Jumanne nzima ilipotelea stendi, na nisingeiandika kama si mama mmoja wa uji na chapati.

Alimwona bibi juani. Akaacha wateja, akaja kumshika mkono, akamlaza kwenye mkeka nyuma ya kibanda chake, akamfunika miguu kwa kitenge. Uji hakuchukua fedha. Alikuwa mtu wa Katumba, makazi yaliyofunguliwa kwa waliokimbia Burundi baada ya mauaji ya 1972, na wengi wao sasa ni raia wenzetu. Wazazi wake walifika kwa miguu. Nilipojua hilo nilitegemea aseme jambo kuhusu kupokelewa na kupokea, kama tunavyosikia kwenye mahubiri. Alisema tu kwamba mzee hakai juani. Bibi akataka jina la mama yake marehemu ili amwombee, akaliandika mwenyewe kwa herufi kubwa nyuma ya tiketi ya basi.

Jumatano, Mpanda hadi Karema

Tulifika stendi saa kumi na moja alfajiri. Noah, 15,000 kila mmoja, siti moja watu wanne. Mnaingia njia ya Kigoma, halafu mnaikata kushoto kuelekea Ikola. Vumbi jekundu kote, na sehemu nyingine matengenezo yanaendelea. Beba barakoa, zile zilizobaki tangu korona zimepata kazi.

Kijana aliyekaa kati yangu na mlango alikuwa wa Sumbawanga, mnunuzi wa samaki. Bibi alipomwambia tunakwenda kwa Dokta Atiman, akacheka. "Mimi nimezaliwa Hospitali ya Dokta Atiman, pale Sumbawanga mjini. Si alikuwa Mzungu yule?"

Gari zima likageuka kumsikiliza bibi, na pale ambapo bibi alikosa mwaka mimi nikajaza.

Hakuwa Mzungu. Adrien Atiman alizaliwa kama 1866 karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa na Watuareg, akavushwa Sahara kama bidhaa. Huko Algeria wamisionari wa Kardinali Lavigerie, ambao huku tunawaita Mapadri Weupe, wakamnunua ili wamwache huru, wakamsomesha. Lavigerie alikuwa amefungua chuo kisiwani Malta mwaka 1881 kufundisha vijana Waafrika waliokombolewa utumwani udaktari, ili warudi Afrika kama makatekista wanaotibu. Atiman alimaliza huko, akaja kwa meli mpaka pwani yetu, kisha kwa miguu na msafara mpaka Karema, akafika 1889. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Akaoa Agnes, binti wa mtemi wa Wabende, kabila la huku, na mtoto wao Joseph akawa padri. Hakuondoka tena. Alitibu Karema kwa zaidi ya miaka 60 mpaka alipofariki.

"Kwa hiyo alitoka Mali akaja kukaa Karema?" kijana akauliza. "Kwa hiari yake?"

"Kwa hiari yake," bibi akasema.

Kijana akatazama nje, kwenye vumbi. "Mimi nikipata visa ya Malta sirudi." Gari likacheka, na mimi pia, kwa sababu nina barua ya kuomba uhamisho wa mjini iko mezani kwa mkubwa wangu tangu Januari.

Karibu na Ikola ziwa likatokea upande wa kulia, bluu mpaka macho yanauma, na bibi akaacha kuongea. Karema tuliingia mchana. Chumba 15,000, chandarua kizima.

Alhamisi, Karema

Msifikirie mji wa kitalii. Ni kijiji kikubwa chenye miembe, soko la samaki, bandari mpya inayotazama Kongo, na misheni.

Wabelgiji wa Mfalme Leopold walijenga ngome hapa 1879, chini ya kapteni aliyeitwa Cambier, wakati Ulaya bado inagawana Afrika kwenye karatasi. 1885 ngome ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Misheni yenyewe ikaanza ndani ya kuta za kijeshi, na watu waliokimbia misafara ya watumwa wakajisogeza karibu na kuta hizo. Katekista mstaafu aliyetuzungusha (toeni chochote kwa ajili ya kanisa, hatozi) alituonyesha kwamba ngome ilijengwa karibu na maji. Ziwa likarudi nyuma miaka ile ile, bandari ya zamani ikakauka. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena na kumeza nyumba za ufukweni sehemu nyingi za ziwa hili.

Hapa hapa Askofu Lechaptois alianzisha mwaka 1907 shirika la masista Waafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambao Sumbawanga na Mpanda kila mtu anawajua. Kwa mahali pa mbali kiasi hiki, si haba.

Bibi hakusikiliza sana habari za maaskofu. Alitaka aonyeshwe ilikuwa wapi nyumba ya dawa. Katekista akanyoosha mkono, bibi akasimama hapo muda mrefu akijaribu kupatanisha anachokiona na anachokikumbuka. Mama yake alikuwa na kidonda ndugu mguuni, kilichokula mpaka watu wakaanza kula mbali naye. Kila walipofika kutoka kijijini, bibi akiwa amebebwa mgongoni na dada yake, kilisafishwa. Nilimuuliza Dokta alikuwaje sura. Hakumbuki. Anakumbuka harufu ya dawa, na kwamba mzee yule alipiga magoti sakafuni ili kuufikia mguu, na mama yake akaona aibu kwa sababu mtu mzima kumpigia magoti mwanamke wa shamba ni jambo gani hilo.

Kwa hesabu zangu Atiman wakati huo alikuwa anakaribia miaka tisini.

Mimi nimefunga vidonda vingi. Najua mgongo unavyouma baada ya cha tano, na unavyojifunza kutazama kidonda bila kumtazama mwenye nacho, kwa sababu bila hivyo zamu haiishi. Katika Wafilipi kuna maneno kwamba Kristo "akatwaa namna ya mtumwa". Nimeyaimba, nimeyasoma mimbarini nikiwa na sauti nzuri kabisa. Ila sijawahi kuyasoma nikijua bei ya mtumwa. Atiman alijua, alikuwa amelipiwa. Aliyekombolewa hivyo angekuwa na haki ya kutopigia mtu magoti maisha yake yote, na tungemwelewa. Sijui nifanye nini na jambo hilo, nimeliandika tu kwenye daftari siku ile na leo nalinakili.

Jioni tulipeleka mzigo wodi ya wazazi. Muuguzi wa zamu alitupokea vizuri, akapika uji tukiwa pale. Bibi aligawa kanga mwenyewe, kitanda kwa kitanda, akiuliza ukoo wa kila mama, mpaka akapata mmoja ambaye bibi yake walicheza pamoja. Hapo nilikwenda kula peke yangu. Migebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo, 5,000. Msile kwingine kabla ya kula hapa.

Ijumaa, Karema

Ziwani asubuhi, misa jioni. Maboti yanatoka Moba, ng'ambo upande wa Kongo, yakiwa na samaki wakavu, na Kiswahili sokoni kina lafudhi mbili. Ukitaka kupiga picha bandarini omba ruhusa, ni mpakani. Ng'ambo hiyo ndiko alikokaa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuja na bunduki kuwalinda watu wa misheni dhidi ya wateka watumwa, akabaki huko mpaka alipofariki 1927. Bibi anasema wa bunduki anamheshimu, ila safari yake ni ya wa dawa.

Jumamosi, Karema hadi Mpanda

Noah ile ile, ya saa kumi na mbili. Nyuma na juu yalipakiwa magunia ya dagaa wa mfanyabiashara Mkongo, mtu mnene, mpole, aliyekuwa anawahi mnunuzi Mpanda siku hiyo hiyo.

Kama mwendo wa saa mbili hivi, kwenye kijiji ambacho sitakitaja, tulisimamishwa na mhudumu wa zahanati aliyekuwa amesimama katikati ya barabara na mikono juu. Mama mjamzito, uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka usiku na mgonjwa mwingine. Nikashuka nikamwona. Hakuhitaji kunieleza mengi.

Ili alale, siti ya kati yote ilibidi iachwe. Ili wa siti ya kati wakae nyuma, magunia ya nyuma yashuke. Na bado watu walizidi. Dereva akaanza kukuna kichwa na kumtazama mwenye mali. Mkongo alikuwa ameshafungua mlango.

"Mutoshe tu," akasema kwa Kiswahili cha kwao, yaani toeni tu, huku anashusha gunia la kwanza la ndakala, ndio dagaa, mwenyewe. "Ndakala itangoja. Ule mama hawezi kungoja."

Vijana wawili wakashuka bila kuambiwa. Tulihitaji nafasi moja zaidi, ya mume wa yule mama. Nikawa natazama abiria, nikitafuta aliye kijana kuliko wengine, na nikasikia bibi anauliza viatu vyake viko wapi. Alikuwa anashuka.

Nilikataa. Nilisema mengi, mengine kwa sauti. Kijiji hatukijui, hana simu, ana presha, dawa ziko kwenye begi langu. Akanyoosha mkono nikampa dawa. Bibi huniita mke mwenza tangu nikiwa mdogo, akaniita hivyo hivyo mbele ya watu wote: "Mke mwenza, wewe ndiye unayejua kazi ya kule ndani. Panda. Mimi nina mwenyeji." Mwenyeji ni Mkongo, ambaye alikuwa amemfahamu tangu asubuhi, na ambaye alikuwa mgeni kuliko yeye. Gari lilipoondoka niliwaona kwenye kioo, bibi amekaa juu ya gunia la dagaa, amefungua mwavuli.

Njiani sina mengi ya kueleza. Dripu niliishika kwa mkono, kisha mumewe, kisha mama mmoja wa vitunguu, kwa zamu. Mjamzito alilala ubavu wa kushoto, kichwa kwenye mapaja yangu. Dereva alipunguza kila shimo kana kwamba gari limebeba mayai. Nauli yetu hakuitaka, ya mama yule hakuitaja kabisa. Mpanda walimwingiza chumba cha upasuaji muda mfupi baada ya kufika.

Usiku huo sikulala vizuri. Mama mjamzito nilikuwa nimeshamkabidhi kwa wenye ujuzi, lakini kikongwe wangu nilimwacha porini.

Jumapili, Mpanda

Bibi aliingia na lori la mahindi baada ya saa saba mchana, amekaa mbele na dereva, ananuka dagaa. Walilala nyumbani kwa mhudumu wa zahanati, ambaye alimpa kitanda chake. Asubuhi alisali na jumuiya ndogo ya pale, akawafundisha wimbo wa Tabora, na anasema wanaimba polepole mno. Magunia yalikuja na lori hilo hilo. Mnunuzi wa Jumamosi alikuwa ameshajaza gari kwingine, na Mkongo aliuza kwa bei ya chini. Nilimuuliza kapoteza kiasi gani. Akanipungia mkono, akauliza kama mama amezaa.

Alikuwa amezaa, mtoto wa kike, wote wazima. Tulikwenda kuwaona saa ya kutazama wagonjwa. Mkongo alisimama mlangoni mwa wodi kwa sababu wanaume wasio ndugu hawaruhusiwi, bibi akamwonyesha mtoto kupitia dirishani.

Jumatatu, kurudi Tabora

Basi halikuharibika.

Gharama zetu wawili, nauli zote, vyumba na chakula, zilikaribia laki tatu bila mzigo wa zawadi. Wekeni akiba ya siku moja, mahali fulani itapotea. Fedha taslimu chukueni Mpanda, mawakala wa Karema wapo lakini huishiwa. Julai ni mwezi mzuri, masika sijui kama ningempeleka kikongwe. Barua yangu ya uhamisho bado iko mezani pale pale, sijaiondoa, mlioniuliza hilo nawajibu hapa.

Na kama mnataka kubeba kitu cha kuwapelekea wazazi, msifuate orodha yetu. Yule mhudumu aliyempa bibi kitanda alimwambia usiku ule kwamba sabuni na sukari watu huleta, kinachomsumbua yeye ni mwanga wa usiku na ndoo zenye mfuniko. Pigeni simu kwanza, muulize aliye zamu. Gari la Karema linapakia stendi ya Mpanda, na ukifika baada ya saa kumi na mbili utakaa kwa mama wa uji.